Mlaso wa Dada Hilda

Mektrida Thadeus alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, alipoanza kusema kwamba kwao hawali damu. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema mwenyewe, bwenini, jioni moja ya mwaka 1995, wakati msichana mmoja wa Tanga alipokuwa akiwasimulia wenzake habari za Wachaga alizozisikia kwa mjomba wake dereva wa malori.

"Wanachinja mbuzi, wanakinga damu kwenye beseni, wanachanganya na maziwa, wanapika, wanakunywa! Na mwanamke akijifungua ndiyo kabisa, anapewa kikombe asubuhi kikombe jioni. Mumiani watupu!"

Wasichana wakapiga kelele. Mmoja akajifunika shuka kichwani. Kisha wakamgeukia Mektrida, maana katika chumba kile ndiye pekee aliyetoka Kibosho.

"Mekti, ni kweli?"

"Hao ni watu wa zamani," Mektrida akajibu. "Sisi kwetu hatuli hivyo."

Lililomchanganya ni kwamba alipokuwa akisema maneno hayo mate yalimjaa mdomoni. Chakula kile kinaitwa mlaso. Alikuwa na miaka sita mama yake alipojifungua mdogo wake Jovin, na kila mlaso ulipopikwa yeye alipewa sufuria ajilambie. Alikuwa akikwangua kwa kidole ule utando mweusi uliogandia pembeni, wenye samli na chumvi na harufu ya moshi, na hakujua kitu kitamu kuliko kile. Sasa amekaa kitandani, wenzake wanaigiza kutapika, naye anameza mate kimyakimya, akijiuliza kama kuna anayemwona.

Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amekwisha kumkataza mama yake kumletea kiburu siku za wazazi. Alimwomba alete mkate uliopakwa siagi, kama wazazi wa mjini. Mama yake akamwangalia sana, akauliza, "Kiburu kimekukosea nini?" Hakikuwa kimemkosea kitu. Ni ndizi na maharage tu. Lakini mwenzake mmoja alikuwa amesema kinafanana na udongo wa kukandika nyumba, na tangu siku hiyo kila akikiona aliona udongo.

Kesho yake habari za bwenini zilifika darasani, na aliyemtetea alikuwa Alnaz, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja. Alnaz alikuwa mwanafunzi wa kutwa, Mwismailia, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini Moshi. "Mwacheni," alisema. "Amesema kwao hawali. Hamsikii?" Mektrida alishukuru, halafu akajisikia vibaya kwa kushukuru.

Sasa, ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima nimtaje dada yake, Hilda. Mwaka uliotangulia Hilda alikuwa ameolewa na Anaeli, fundi redio wa kutoka Same, Msabato. Mama yao hakuikubali ndoa ile. Alibatizwa, akapata kipaimara na kuolewa katika parokia moja ya Kibosho, na hakuona ni kwa nini mwanawe aende akaolewe na watu wanaosali Jumamosi, wasiogusa nguruwe, wanaoona pombe ya mbege ni dhambi na damu ni najisi. Siku ya harusi baba, Mzee Thadeus, alikwenda. Mama alibaki nyumbani akipukuchua maharage. Jioni baba aliporudi alimkuta amemaliza debe zima.

Tangu hapo mama na Hilda hawakusemezana. Salamu zilipita kwa baba. Hilda alipojifungua mtoto wa kike, mwezi Septemba, mama alipata habari akiwa shambani. Alisema, "Mungu ashukuriwe," akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Kwa desturi mzazi huhudumiwa na mama mkwe, lakini mama yake Anaeli alikuwa Same na miguu yake mibovu. Kwa hiyo Hilda alikuwa peke yake katika chumba cha kupanga huko Pasua, akijipikia mwenyewe, na mama yake yuko mwendo wa saa moja tu kwa gari, amenyamaza.

Mwanzoni mwa Oktoba Mektrida alipata ruhusa ya kwenda nyumbani, ile ya mara moja kwa mwezi. Jumamosi jioni, wakiwa jikoni, mama akamwambia baba bila kuinua macho kutoka motoni:

"Kesho alfajiri umchinje yule beberu."

"Wa nini?" baba akauliza.

"Wa mzazi."

Alfajiri ile kabla ya misa akamchinja. Mektrida ndiye aliyeshika beseni na kijiti cha kukorogea damu isigande. Alikoroga akiangalia pembeni, na alipomaliza alisugua kucha zake kwa jivu na sabuni mpaka zikauma. Mama alipika mwenyewe. Hakumruhusu mtu kugusa mwiko. Alimimina maziwa kidogo kidogo, akaweka samli, akakaa na moto mdogo muda mrefu, akikoroga taratibu, kama mtu anayefikiri jambo jingine. Kisha akaujaza mlaso katika kopo la Kimbo, akafunga mfuniko kwa kamba ya mgomba, na kumkabidhi Mektrida pamoja na kikapu cha ndizi.

"Kabla hujaingia shuleni, pita kwa dada yako. Mwambie aupashe moto kidogo tu. Mwambie ni mimi nimepika."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ataelewa."

Mektrida hakuelewa. Akilini mwake kulikuwa na jambo moja tu: atapitaje stendi ya Moshi, Jumapili mchana, wanafunzi wamejaa, akiwa na lile kopo mkononi?

Alitembea kuteremka barabara ya vumbi, kikapu kichwani na kopo ndani ya mfuko wa nailoni, akitafuta gari la kupanda. Hakufika mbali. Peugeot nyeupe ilimpita, ikasimama mbele, na kichwa kikachungulia dirishani.

"Mektrida! Panda, panda!"

Alikuwa Alnaz. Mwaka ule watu binafsi walikuwa wameanza kununua kahawa, na baba yake alikuwa amepanda Kibosho kuonana na rafiki zake wa zamani na kuangalia kama biashara ile inafaa. Kiti cha mbele kilikuwa na mfuko wa kahawa, kwa hiyo wasichana wawili walikaa nyuma. Mektrida aliweka kikapu pajani na kopo katikati ya miguu. Angesema nini? Angekataa lifti kwa sababu gani?

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, binti. Unatoka kwa nani?"

"Kwa Thadeus."

"Thadeus wa Mzee Sirili?"

"Ndiyo. Sirili alikuwa babu yangu."

Baba Alnaz akaitikia kwa kichwa, akatia gia. Barabara ilikuwa mashimo na mawe. Alnaz alikuwa akisimulia habari za mtihani wa jiografia. Mektrida aliitikia "ndiyo, ndiyo," huku akilibana kopo kwa visigino. Walikaribia daraja aliposikia Alnaz amenyamaza.

"Kuna kitu kinanimwagikia mguuni."

Wote wawili wakatazama chini. Alnaz alikuwa amevaa raba nyeupe. Moja ilikuwa na doa jekundu jeusi lililokuwa likitanuka kuelekea kwenye kamba, na kutoka kwenye mfuko wa nailoni kulikuwa na mchirizi mzito uliopita juu ya zulia la gari. Harufu ikapanda: samli, maziwa, moshi, na ile nyingine ya chini yake.

"Mektrida, ni nini hicho?"

Baba Alnaz akasimamisha gari kando, kabla tu ya daraja, akageuka.

Miaka mingi baadaye Mektrida alisema kwamba jibu halikupita kichwani. Lilitoka tu.

"Ni chakula cha mbwa," alisema. "Cha mbwa wa shemeji yangu."

Baba Alnaz alitazama kopo, akatazama kamba ya mgomba iliyofungwa kwa fundo la uangalifu, akamtazama Mektrida.

"Cha mbwa," alisema.

"Ndiyo. Wala si kitu cha maana. Ngoja nikimwage, kisichafue zaidi."

Akashuka. Alnaz alisema, "Subiri, tufunge vizuri tu," lakini Mektrida alikuwa amekwisha kufika ukingoni. Alikata kamba kwa meno, akainamisha kopo, na mlaso ukateremka kwenye mawe, mzito, polepole kuliko alivyotaka. Alilazimika kulitikisa kopo. Kisha akalitupa nalo pia. Aliporudi garini baba Alnaz alikuwa akifuta zulia kwa kitambaa. Kisha akawasha gari.

Walimshusha karibu na shule. Alisubiri gari lipotee, akachukua kikapu chake, akatembea hadi Pasua.

Hilda alikuwa amekaa kizingitini, mtoto kifuani. Alikuwa amekonda shingo. Alipomwona mdogo wake akasimama haraka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kikapu.

"Umetoka nyumbani?"

"Ndiyo."

"Asubuhi baba alinitumia neno kwa mtu wa gari la Kibosho kuwa beberu amechinjwa. Mama amenipa nini?"

Hapo tu ndipo Mektrida alipoanza kuhisi kwamba alichomwaga hakikuwa chakula peke yake. Lakini alikuwa amekwisha kumwaga. Alitua kikapu.

"Ndizi."

Hilda aliondoa majani ya juu, akapapasa chini ya chana la kwanza, akapapasa chini ya la pili.

"Ndizi tu?"

"Ndizi tu."

"Hakusema kitu?"

Mektrida alitafuta la kusema. Angesema mama amekusalimu, angeulizwa amesalimu vipi. Akatikisa kichwa. Hilda akakaa tena kizingitini. Hakulia. Alimgeuza mtoto upande wa pili, akamfunika vizuri, akasema, "Basi mwambie nashukuru kwa ndizi." Na alivyolitamka lile neno, Mektrida alitamani angepigwa kofi.

Mwezi mzima alikaa shuleni na jambo hilo. Usiku alijipanga kumwandikia Hilda barua, mchana akaona aibu. Mara alijiambia amefanya vizuri: Anaeli ni Msabato, angeuona mlaso angekasirika, nyumba ingewaka moto. Mara akamwona Hilda akipapasa chini ya ndizi. Alikuwa na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani. Yule msichana wa Tanga? Alnaz, kwa kuvaa raba nyeupe? Mama, kwa kushindwa kutuma kilo ya sukari kama watu wengine?

Novemba alipokwenda nyumbani, mama alisubiri mpaka baba atoke.

"Aliunywa?"

"Aliunywa," Mektrida akasema.

"Wote?"

"Wote."

"Na yule mwanamume?"

"Hakuwepo."

Mama alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilisimama. Alicheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, akapangusa macho kwa mkono wenye utomvu na kuyaharibu zaidi.

"Basi ni wangu bado," alisema. "Jumamosi ijayo nitateremka nikamwone mjukuu."

Mektrida alirudi shuleni kama mtu mwenye homa. Uongo wake ulikuwa umefanya jambo ambalo ukweli haukulifanya kwa mwaka mzima: mama anakwenda kwa Hilda. Lakini akifika atasema nini? Atauliza ulionaje mlaso wangu, na Hilda atasema mlaso gani?

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Alnaz alimvuta nyuma ya maktaba.

"Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Shemeji yako ana mbwa?"

"Hana."

"Baba alijua. Siku ile hakunisemesha mpaka tulipomaliza kuosha gari. Kisha akasema kile kilikuwa mlaso, na kwamba kuna mzazi mahali amekosa chakula chake kwa sababu yetu."

Mektrida alihisi masikio yanawaka. "Amejuaje?"

"Amekulia huko kwenu. Babu yangu alikuwa na duka Kibosho zamani. Baba anasema bibi alipojifungua, majirani walimletea mlaso kwenye kibuyu."

"Akanywa?"

"Hapana. Sisi haturuhusiwi. Lakini aliupokea kwa mikono miwili, akawaita watoto waje wasalimie."

"Sasa kwa nini baba yako hakusema palepale?"

"Alisema angekuaibisha zaidi." Alnaz alichezea kifungo cha sweta yake. "Mekti, kwa nini ulisema ni cha mbwa? Ungeniambia ni chakula chenu ningekuelewa."

"Ungewaambia wa bwenini."

"Mimi nalala bwenini?"

Mektrida hakujua acheke au alie. Mtu aliyemwogopa alikuwa anajua kila kitu tangu siku ile, na hakumcheka. Basi ile aibu yote ilikuwa ya nini? Alijaribu kuishika vizuri aione, ikamponyoka.

Jumamosi aliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, akisema mama yake yuko mjini, jambo ambalo safari hii lilikuwa kweli. Alikimbia njia yote. Alipanga kuwahi, amwambie Hilda kila kitu kabla mama hajafika.

Hakuwahi. Alisikia sauti ya mama tangu uani.

Waliketi wote wawili kitandani, maana chumba kilikuwa na kiti kimoja tu na juu yake kulikuwa na redio iliyofunguliwa matumbo. Mama amempakata mtoto, amemfungua nguo, anamkagua vidole vya miguu kimoja kimoja. Hilda ameshika kitambaa. Macho yao yote yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama," Mektrida alisema akihema.

"Marahaba. Umekimbizwa na nini? Njoo uone, ana masikio ya baba yako." Kisha mama, bila kupumzika, akamwambia Hilda: "Mdogo wako aliponiambia umeunywa wote, nililala usingizi. Nilidhani umekwisha kutukataa."

Mektrida aliganda mlangoni. Hilda alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Mektrida anaukumbuka hadi leo, macho yakihama kutoka usoni mwake hadi mikononi, kama anayesoma barua ndefu kwa haraka.

"Niliunywa, mama," Hilda akasema. "Ulikuwa mtamu."

"Uliutia chumvi tena?"

"Hapana. Ulikuwa na chumvi ya kutosha."

Mama akaridhika. Hilda akainuka, akachukua ndoo. "Mektrida, njoo unisaidie maji."

Bombani hapakuwa na mtu. Hilda alifungua koki ili maji yafanye kelele.

"Uliupeleka wapi?"

"Niliumwaga."

"Wapi?"

"Darajani. Nilikuwa kwenye gari la akina Alnaz, ukavuja, nikasema..." Hakuweza kulisema neno la mbwa. Mpaka leo hajawahi kulisema mbele ya Hilda. "Nilisikia aibu."

Hilda hakufoka. Ndoo ilijaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga koki.

"Mwezi mzima," Hilda alisema, "nimelala nikijua mama amechinja akawapa watu wengine wote, mimi akanitumia ndizi."

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza kwanza."

Lakini Mektrida alikuwa na swali, na lilitoka.

"Ungeunywa? Ningekuletea, ungeunywa kweli?"

Hilda alifunga koki. Alifikiri.

"Nilimwahidi Anaeli sitagusa damu. Niliahidi mbele ya mchungaji." Akainua ndoo, akaitua tena. "Siku ile nadhani ningeunywa. Au ningeuangalia tu, nikaumwaga usiku. Sijui, Mektrida. Usiniulize tena."

Waliporudi ndani mama alikuwa amewasha jiko la mchina. Juu yake kulikuwa na sufuria ndogo, na kando yake mfuko wake wa safari ukiwa wazi. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Nimekuja na mwingine," mama alisema kwa furaha. "Si ulisema ulikuwa mtamu?"

Alimimina kikombe, akampa Hilda kwa mikono miwili.

Hilda alikipokea. Alitazama mlango, alitazama saa ya ukutani. Ibada ya Anaeli kanisani ilikuwa imekaribia kumalizika. Kisha akanywa. Alikunywa bila kupumua mpaka nusu, akasita, akamalizia. Mama alimwangalia kama mtu anayeangalia mtoto akipiga hatua ya kwanza. Hilda alipangusa mdomo, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema:

"Mpe na Mektrida. Amekimbia sana."

Mektrida alijua ile ilikuwa adhabu. Au ilikuwa ukarimu. Alichukua kikombe, akanywa. Ulikuwa vilevile alivyoukumbuka, samli na chumvi na moshi, na kitu kilichofanana na maini, na ulikuwa mtamu, na machozi yakamtoka kwa sababu alitaka sana usiwe mtamu.

Hapo ndipo Anaeli aliposimama mlangoni, suti yake ya Sabato, Biblia kwapani.

Aliona sufuria. Aliona kikombe na mdomo wa shemeji yake. Harufu hiyo hakuna asiyeijua. Mama alijivuta, akakaa wima, mtoto pajani kama ngao, na Mektrida akaona kwamba mama yake, ambaye hajawahi kumwona akiogopa mtu, alikuwa anaogopa.

"Shikamoo, mama," Anaeli akasema.

"Marahaba."

Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akalinyoosha mabega, akalinyoosha tena. "Karibu sana," alisema. "Ni siku nyingi." Kisha, kwa Hilda, taratibu: "Umempa mama chai?"

"Bado."

"Basi mpe chai."

Akaiondoa redio kwenye kiti, akakaa, na kwa muda mrefu aliichungulia ile redio ndani kama vile imemwita. Mama alikunywa chai. Walizungumza habari za mvua. Anaeli aliuliza Mzee Thadeus anaendeleaje na kifua. Hakuna aliyeitaja sufuria, nayo ilikuwa katikati ya chumba.

Baadaye Hilda alimsimulia mdogo wake kwamba baada ya hapo Anaeli hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alisema, "Kama ni dawa ya uzazi, ni dawa. Lakini nisiione." Kisha akasali, kwa sauti, wala haikujulikana anamwombea nani. Wameishi pamoja tangu wakati huo na wamezaa watoto wengine watatu. Kila Hilda alipojifungua, mama alikuja siku ya Jumamosi, saa za ibada, na aliondoka saa za ibada. Hilda alikunywa kila mara? Mektrida hajui. Alikatazwa kuuliza.

Jioni ile alimsindikiza mama stendi. Walitembea polepole, mama akiwasalimu watu asiowafahamu, kama alivyozoea kijijini. Mektrida alikuwa ameamua kumwambia. Alipanga maneno kutoka Pasua mpaka sokoni, akayapanga upya, na walipofika kwenye gari la Kibosho alifungua mdomo.

"Mama, ule mlaso wa kwanza..."

"Safari nyingine nitakuwa naleta mwenyewe," mama alimkatiza, akipanda. "Vitu vingine mtu hatumi."

Akakaa dirishani, akafunga kitenge chake vizuri, na kumwambia awahi shuleni asije akafungiwa geti. Mektrida alimtazama usoni atafute kama anajua. Ulikuwa uso wa mama yake tu, umechoka, una vumbi kidogo. Gari likaondoka.

Mektrida alimaliza kidato cha nne, akasomea ualimu, na sasa anafundisha shule ya msingi karibu na Himo. Mama yake alifariki mwaka 2006, mwezi wa Juni, baada ya kuugua muda mfupi. Katika siku zake za mwisho Mektrida alikaa naye wiki mbili, wakazungumza mambo mengi, ya Jovin, ya mibuni iliyong'olewa, ya nani azikwe upande gani wa kihamba, shamba lao la ukoo. Jioni mbili tatu alikaribia kumwuliza kama alijua habari za mlaso wa kwanza. Kila mara mama alikuwa amesinzia, au amejifanya amesinzia, na Mektrida aliendelea kumkanda miguu.